Kabla ya kuachana na dekoda, pima kuta zako

Ramadhani ya mwaka juzi mavyaa wangu alikuwa ameketi kwenye chumba tukiitacho ndani, na tasbihi yake, akitazama taraweh moja kwa moja kutoka Makka. Mimi niko msanani, ukumbi wa mbele ya chumba hicho, nashona kofia. Nikamsikia akisema peke yake, "Sijida ya yeo ndefu." Nikanyamaza. Kitambo kikapita, akaniita: "Mwanangu, ndoo utazame, hawa hawainuki." Kuingia, nikakiona kile kiduara kinazunguka katikati ya runinga. Msikiti mzima umekwama uso chini, na huko Makka kwenyewe pengine imamu ameshaingia rakaa nyingine.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeacha kulipia dekoda, nikajigamba mbele ya nyumba nzima kwamba intaneti yatosha. Haikutosha. Au tuseme ilitosha, ila haikufika mahali ilipotakiwa, na kulijua hilo kulinigharimu miezi minne na pesa za bure. Kwa hivyo nakuandikia wewe unayekaa nyumba ya mawe kama yetu ya Mkomani, hapa Lamu, nawe umechoka kulipia chaneli mia ambazo wazitazama nne.

Anza na hizo nne. Chukua karatasi, andika kila mtu wa nyumbani atazama nini kwa wiki, si apenda nini. Kwetu ilikuwa hivi: mavyaa, Makka na taarifa ya habari ya saa moja usiku. Mimi, tamthilia za Kituruki. Watoto, katuni na mambo yao ya YouTube. Baba watoto, mpira. Habari hazihitaji kulipiwa kifurushi. Tangu Kenya ihamie matangazo ya kidijitali mwaka 2015, stesheni za humu nchini hunaswa kwa antena na dekoda ya bure pale mawimbi yanapofika, na kadhaa hurusha taarifa yao YouTube wakati uleule. Makka iko YouTube usiku na mchana. Kilichobaki cha kuumiza kichwa kilikuwa mpira, nitaurudia.

Sasa hesabu ya mwendo, maana hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiambiwa "intaneti ya kumi," ni megabiti 10 kwa sekunde, si megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kumi hiyo, ukiigawa kwa nane, yakupa megabaiti 1.25 kila sekunde. Ndiyo maana faili ya megabaiti 100 haishuki kwa sekunde kumi kama ulivyotarajia. Yachukua sekunde 80, na hapo hakuna aliyekuibia.

Video yenyewe haitaki makubwa. YouTube hushauri megabiti 1.1 kwa picha ya 480p (namba hiyo ni mistari ya picha, ikizidi picha huwa kali zaidi), 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p, na 20 kwa 4K, iliyo kali kuliko hizo. Netflix wao husema 3 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Kabla hujaitamani hiyo 4K, igeuze runinga yako usome karatasi iliyobandikwa nyuma, au utafute namba yake ya modeli mtandaoni. Yetu ni ya inchi 32, na kama nyingi za kipimo hicho ni ya daraja la 720p. Hata ukiimwagia megabiti mia haitaonyesha zaidi ya uwezo wake. Kwa runinga moja kama hiyo pamoja na simu tatu za watoto, kumi yatosha na kubaki.

Lakini fikiria vichochoro vyetu. Punda mmoja mwenye magunia apita vizuri, wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Ndivyo ilivyo jioni baada ya isha: mwanangu yuko ghorofani anashusha mchezo wa gigabaiti thelathini, dada yake yuko kwenye simu ya video na binamu yake Mombasa, na mavyaa ataka Makka. Kwa hiyo usihesabu runinga peke yake, jumlisha watu wa saa tatu usiku. Mchezo ushushwe usiku wa manane watu wamelala. Hiyo ni sheria kwetu, na nimeipigania.

Sasa pima. Fungua fast.com kwenye simu. Ni kipimo cha Netflix wenyewe, hakitaki kujisajili wala kubonyeza chochote. Pima ukiwa umesimama kando ya ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, kisha pale runinga ilipo, kisha chumba cha mbali kabisa. Rudia saa tisa alasiri na tena saa tatu usiku. Andika kila namba. Mimi niliziandika nyuma ya daftari la vipimo vya kofia: kando ya ruta 9.6, ndani kwenye runinga 1.3, ghorofani 0.8.

Ukizitazama namba hizo leo, jibu liko wazi kama mchana. Mimi sikuliona. Nilipiga simu kwa kampuni inayotuuzia intaneti, kijana akanijibu kwa adabu sana: "Mama, kwa familia kubwa hiyo unahitaji ya ishirini." Nikalipa ya ishirini. Kando ya ruta nikapata 19. Ndani kwenye runinga, 1.4. Mwezi wa pili nikalipa tena, nikidhani labda itazoea.

Siku moja nilikuwa na futi kamba yangu ya kushonea shingoni, nimesimama mlangoni mwa ndani, nikaupima ukuta kwa kuchezacheza tu. Sentimita 48. Mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa mkono wasikia ubaridi wa unyevu uliomo. Waliozijenga nyumba hizi walitaka joto la mchana lisipite, na kwa kweli halipiti. Waifai nayo haipiti. Ruta yetu ilikuwa tekani, karibu na mlango wa barabarani, kwa sababu fundi aliingiza waya pale akaona taabu kuendelea. Kutoka tekani hadi ndani kulikuwa na kuta mbili za namna hiyo. Ile ishirini niliyolipia ilikuwa ikiishia kwenye chokaa.

Basi, kabla ya kununua mwendo zaidi, ihamishe ruta. Namba ya kando ya ruta ikiwa nzuri na ya kwenye runinga ikiwa mbovu, tatizo liko ndani ya nyumba yako na hakuna kifurushi kitakachoponya. Namba ya kando ya ruta yenyewe ikiwa mbovu asubuhi, mchana na usiku, hapo ndipo una haki ya kuwapigia simu ukiwa mkali, na uwasomee namba zako na saa zake. Ikiwa nzuri mchana na mbovu usiku tu, laini mwaigawana na mtaa mzima, na kuongeza kifurushi huenda kusikusaidie.

Katika nyumba zetu mawimbi hupita milangoni na kwenye uwazi. Nyumba ya Kiamu ina uwazi mmoja mkubwa ambao wengi hawaufikirii, nao ni kiwanda, kile kiuwanja cha katikati kisicho na paa. Niliitoa ruta tekani nikaiweka msana wa tini, yaani wa chini, juu ya kabati, mahali inapouona mlango wa ndani na pia inakiona kiwanda. Kupitia kiwanda mawimbi yakapanda hadi ghorofani. Usiifiche kwenye kidaka. Najua kidaka chapendeza na ruta haipendezi, lakini kidaka ni shimo ndani ya ukuta, na ukuta ndio adui. Usiiweke karibu na jokofu wala nyuma ya runinga. Iinue.

Ruta nyingi za sasa hutoa majina mawili ya waifai, la gigahezi 2.4 na la 5. La 5 lina mbio zaidi lakini kuta hulishinda upesi. La 2.4 ni la polepole, ila huvumilia ukuta mmoja. Aliye msanani na ruta atumie la 5, walio ghorofani watumie la 2.4. Kwa kuihamisha tu, runinga ilipata 8 kutoka 1.4. Sikulipa hata shilingi, isipokuwa mita chache za waya wa kurefusha kutoka tekani.

Na kama runinga haiondoki mahali pake, ivutie waya. Waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e hubeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba yako haina mita 100. Ila tafadhali usimruhusu fundi aje na keekee atoboe plasta yenye nakshi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na plasta ile hakuna duka liiuzalo. Wetu ulipita pembeni mwa fremu ya mlango, ukapanda ukafuata boriti. Rangi yake nyeupe, na mavyaa hajauona mpaka leo. Kila baada ya miezi michache chomoa vichwa vya waya uvitazame: hewa ya bahari huvila, vikaota ukijani, ukadhani intaneti imekufa kumbe ni kutu. Vifute, au ukate umwambie fundi aweke vipya.

Baada ya waya, runinga ilisoma 19. Nikarudi kwenye ya kumi mwezi uliofuata. Ikasoma 9.5, na hakuna aliyegundua.

Hayo ni ya wenye laini isiyohesabu gigabaiti. Kama wategemea bando la simu au ruta ya laini ya simu, fanya hesabu hii kabla ya kuiaga dekoda. Megabiti 5 kwa sekunde, mara sekunde 3,600 za saa moja, gawa kwa 8: ni gigabaiti 2.25 kila saa. Saa tatu kila siku ni gigabaiti 6.75, na mwezi wapita 200. Ukishusha picha hadi 480p, saa moja yala kama nusu gigabaiti tu. Kwenye YouTube gusa alama ya gurudumu uchague mwenyewe, usiiache ijiamulie. Soma pia maandishi madogo ya kifurushi cha "bila kikomo," kwani vingine hupunguza mwendo ukifikisha kiasi fulani. Na ruta ya laini ya simu iweke dirishani, upande ulipo mnara, hata kama dirisha hilo ni la chumba usichokipenda.

Kifaa cha kuonyeshea ni jambo dogo. Runinga isiyo ya kisasa yataka tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti, na kile kijiti cha kuchomeka kinachoiletea video za intaneti. Yule auzaye kisanduku kinachodaiwa kufungua chaneli zote za dunia bure mpite. Ni za wizi, na huzimika siku ya fainali.

Kuna siku ambazo hata ufanye nini haitawaka. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikalemaa nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mimi siku hiyo niliizima na kuiwasha ruta mara sita kabla ya kusikia habari. Siku hizi, kabla ya kuigusa, namuuliza jirani kwanza.

Kuhusu dekoda yenyewe, usiivunje wala usiiuze. Hizi zetu hulipiwa mbele, kwa hiyo mwezi mmoja usilipe tu, uone nani atalalamika na kwa sababu gani. Kwetu alilalamika mmoja.

Baba watoto alipata mpira wake kwenye programu ya simu, ya kulipia na ya halali, akaurusha runingani. Picha safi kabisa. Dakika ya sabini hivi tukasikia mlipuko wa kelele kutoka kwa Ami wa nyumba ya pili, mwenye dishi. Kwetu mpira ulikuwa bado kwa kipa. Baba watoto alikodoa macho, akihesabu pasi moja moja, akijua goli laja ila hajui la nani. Video ya intaneti hukatwa vipandevipande, ikatumwa, ikakusanywa kwanza ndipo ionyeshwe, na hapo yaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi. Kwa hilo sina dawa. Waya haukusaidia, na ya ishirini isingesaidia. Siku ya mechi kubwa hujifunga kikoi chake, akabeba sahani ya viazi vya karai ninazomkaangia, akaenda kwa Ami.