Jinsi ya kujaribu kiendeshi cha grafiki na kubaki na ushahidi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana mmoja hapa Nairobi aliyekuwa akirekebisha msimbo wa Mesa, mradi huria wa viendeshi vya grafiki (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi ya grafiki), kwa kipakatalishi cha mtumba alichonunua Luthuli Avenue. Nachukulia kwamba unatumia Linux na kwamba Git umeizoea.

Hatua ya 1: Kujenga
Jenga Mesa kwa Meson, zana ya kujengea programu kutoka kwenye msimbo, ndani ya folda yako. Usiisakinishe juu ya kiendeshi cha mfumo, kwa sababu ikiharibika utakosa hata skrini ya kurekebishia kosa.

Hatua ya 2: Kuthibitisha kiendeshi kinachotumika
Andika `meson devenv -C build`, kisha `glxinfo -B`. Mstari wa toleo la OpenGL unapaswa kuonyesha komiti yako. Ukiona llvmpipe, ujue michoro inachorwa na prosesa na kadi ya grafiki haijaguswa.

Hatua ya 3: Kupeleka kumbukumbu nje ya mashine
Hapa ndipo saa nyingi hupotelea. Kadi ikikwama na kuiburuta keneli (kiini cha Linux) nzima, mistari ya mwisho ya kumbukumbu za mfumo (logi), ambayo ndiyo unayoihitaji, haiwahi kufika kwenye diski. Kwa hiyo tumia netconsole, ambayo huituma mistari hiyo kupitia mtandao, kwa UDP, hadi mashine ya pili:

`modprobe netconsole netconsole=6665@10.0.0.1/enp3s0,6666@10.0.0.2/`

Mashine ya pili isikilize kwa `nc -u -l 6666`. Baadhi ya matoleo ya nc hudai `-p` kabla ya namba ya mlango. Badilisha enp3s0, jina la kadi ya mtandao, kwa jina ambalo `ip link` inakuonyesha. Usitegemee WiFi. Mimi huunganisha mashine mbili moja kwa moja kwa kebo, nikizipa anwani kwa mkono, na ya pili huwa kipakatalishi chenye betri nzima, ili stima ikipotea kumbukumbu zisalie. Kabla ya kuanza, andika `dmesg -n 8`, la sivyo ujumbe mwingi hautatumwa, kisha jaribu kwa `echo "<1>jaribio" > /dev/kmsg`. Maneno hayo yasipotokea upande wa pili, kagua ukuta wa moto kwanza.

Keneli ikinusurika, ingia kwa SSH kutoka mashine ya pili upesi: amdgpu, kiendeshi cha keneli cha kadi za AMD, huweka picha ya hali ya kadi katika `/sys/class/devcoredump`, nayo hufutwa baada ya dakika 5. Kwa i915, kiendeshi cha kadi za Intel, tazama `/sys/class/drm/card0/error`. Faili hiyo hushikilia kosa la kwanza tu hadi uifute, hivyo ya jana inaweza kukupotosha leo.

Hatua ya 4: Majaribio
Endesha majaribio ya Khronos, shirika linalosimamia viwango vya OpenGL na Vulkan, kwa programu ya deqp-runner kabla ya kugusa msimbo, uhifadhi matokeo, kisha uyarudie baada ya mabadiliko. Bila matokeo ya awali huwezi kujua ni kosa lipi lako na ni lipi ulilolikuta. Jaribio linalofaulu mara moja na kufeli mara nyingine lirudie peke yake kabla ya kuulaumu msimbo. Majaribio ya IGT, yanayopima viendeshi vya grafiki vya keneli, yaendeshwe bila Xorg wala Wayland (mifumo inayoonyesha madirisha kwenye skrini), kwa sababu yanataka kuitawala skrini yenyewe.

Hatua ya 5: Kutafuta komiti mbovu
Tumia `git bisect`, ambayo huigawa orodha ya komiti nusu kwa nusu hadi ipatikane iliyoleta kosa. Kwa komiti 1,000 utajenga takriban mara 10, na kila mara urudie hatua ya 2 kabla ya kuandika `good` au `bad`.