Kabla hujamchamba dairekta wa rimeki, fanya hivi kwanza

Inajulikana inavyokuwaga, dairekta wa rimeki, yaani muvi ya zamani iliyotengenezwa upya, kaongea karibu saa zima, mtu kakata kipande alichosema muvi ya zamani ilikuwa na mapungufu, basi kila kona ni matusi. Kwahiyo kwanza kabisa tafuta intavyu nzima na usikilize SWALI, maana mara nyingi uchochezi uko hapo, mtangazaji kauliza ya kwanza ilikuwa na shida gani, sasa jamaa ajibu nini asionekane anaponda?

Alafu angalia anaongelea kazi ya nani. Dairekta Alfred Hitchcock alitengeneza The Man Who Knew Too Much 1934 akairudia mwenyewe 1956, na akamwambia Truffaut, dairekta mwenzake Mfaransa aliyemhoji, kwamba ile ya kwanza ni kazi ya mtu mwenye kipaji ila bado ridhaa, ya pili ndo ya profeshno. Hayo yangesemwa na mtu mwingine ingekuwa vita.

Na wewe unayesema "wasiguse orijino", hakikisha hiyo orijino ni orijino kweli. The Thing ya John Carpenter ya 1982 ilitanguliwa na muvi ya 1951 iliyotoka kwenye hadithi hiyohiyo, na ilipotoka wahakiki waliiponda vibaya mno, leo mashabiki wa horo wanaapa kwayo.

Sasa hapa ndo penyewe: chukua uamuzi MMOJA aliotaja ukaukague kwenye muvi, usijadili "vaibu". Dairekta Gus Van Sant 1998 alirudia Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu shoti kwa shoti, watu wakauliza sasa faida yake nini, na mimi niko upande wao, ila ukikaa na sini ya bafuni, ile mwanamke anauawa akioga, utaona kitu. Ile ya kwanza ni nyeusi na nyeupe, damu inayoteremka na maji ni sharubati ya chokoleti na hakuna anayeshtukia, ukileta rangi damu inakuwa nyekundu na sini inabadilika hata kama kamera imekaa palepale, na juu yake Van Sant akachomeka picha za mawingu katikati ya mauaji. Hapo una cha kubishania, unaweza kusema mawingu yamekata presha (mi nasema yamekata) na mwenzako akajibu kwa hoja. Linganisha na dairekta Martin Scorsese 2006, kachukua stori ya muvi ya Hong Kong ya 2002 akaihamishia Boston kwa wahuni wa Kiairishi, The Departed, ikabeba Oscar ya muvi bora. Huyo alibadilisha mji mzima na watu wake.

Akisema "tumeileta kwa kizazi kipya" ruka, hajasema kitu hapo. Pia kumbuka intavyu za promo anapigwa maswali yaleyale siku nzima, jibu la kuchoka sio lazima liwe dharau, na madairekta wengi hawana neno la mwisho kwenye editi, studio ndo inaamua, kwahiyo ile endingi unayoilaani inawezekana hata yeye hakuitaka.

Ukishaiona muvi rudi kwenye intavyu uone aliyoahidi. Kama alisema safari hii mke wa staa kapewa uzito alafu dada wa watu anatokea sini tatu anapika na kulia, mchambe tu, taja na dakika zenyewe.