Somo: Bili ya upasuaji wa kufunga kiungo cha kidole, Marekani

Hili ni kwa wenzetu wanaoandika bili za madaktari Marekani. Daktari huondoa gegedu iliyolika, akakutanisha mifupa miwili na kuishikiza kwa waya au skrubu mpaka iungane. Bili hukwama pale mtu anaposoma kichwa cha ripoti ya upasuaji tu. Soma ripoti yote.

Hatua ya 1: Kiungo kipi? Kiungo cha kati (PIP) na cha karibu na kucha (DIP) vyote huingia msimbo 26860 (namba ya CPT, orodha ya kazi za madaktari). Kile kinachounganisha kidole na kiganja (MCP) ni 26850. Waya na skrubu tayari zimo ndani ya msimbo, usizidai kando.

Hatua ya 2: Mfupa wa kupandikiza, kama upo, umetoka wapi? Hapa ndipo pa kutulia. Ukitoka kwa mgonjwa mwenyewe, tuseme kwenye nyonga au karibu na kifundo cha mkono, 26860 inakuwa 26862, na 26850 inakuwa 26852. Kazi ya kuuchukua imehesabiwa humo humo. Ukitoka benki ya mifupa, unabaki na msimbo wa kwanza. Ripoti ikisema tu "mfupa uliwekwa", muulize daktari. Usibahatishe, kwa sababu mkaguzi wa bima hatabahatisha.

Hatua ya 3: Kidole kipi? Hutajwa kwa modifaya, yaani alama fupi inayoongezwa mwishoni mwa msimbo. Mkono wa kushoto: FA ni gumba, kisha F1 hadi F4. Kulia: F5 ni gumba, kisha F6 hadi F9.

Hatua ya 4: Ugonjwa. Baridi yabisi ya kuchakaa mkono wa kulia ni msimbo wa ugonjwa M19.041, wa kushoto M19.042. Misimbo hii haitaji kidole, kwa hiyo modifaya ya F ndiyo inayokitaja. Hakikisha upande unalingana: M19.042 na F6 kwenye mstari mmoja ni kukaribisha kukataliwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, vidole viwili siku moja, cha shahada na cha kati mkono wa kulia, viungo vya DIP. Niandike 26860 mara mbili?*

Hapana, dada. Cha kwanza 26860-F6, cha pili 26861-F7. Huo wa pili ni wa nyongeza, hausimami peke yake wala hauwekewi modifaya 51 (ya kazi kadhaa kwa pamoja). Kukiwa na mfupa wa mgonjwa kwenye vyote, ni 26862 na 26863.

*Mgonjwa amerudi wiki ya tatu kutolewa nyuzi. Tumtoze ziara?*

Hapana. Kwa Medicare (bima ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee), malipo ya upasuaji huu hubeba pia huduma za kawaida za siku 90 zinazofuata, na kutoa nyuzi kumo. Akirudishwa chumba cha upasuaji kwa tatizo lililotokana nao, tumia modifaya 78.

*Na daktari akiamua kumpasua leo, akampasua kesho?*

Ziara ya leo hulipwa, ila iwekee modifaya 57 (ya uamuzi wa kupasua).