Usioshe Udongo wa Magadi kwa Maji Matupu

Mkulima wa mpunga akiona utando mweupe juu ya jaruba, huambiwa ajaze maji mpaka chumvi itoke. Ushauri huo unafaa udongo wenye chumvi ya kawaida. Kwenye udongo wa magadi unaharibu shamba zaidi, kwa hiyo jua kwanza ulicho nacho kabla hujafungulia mfereji.

Chumvi ya kawaida ni kloraidi ya sodiamu. Haibadilishi uchachu wa udongo, na ikiwa nyingi mmea hukauka kwa kushindwa kuvuta maji, lakini udongo wenyewe hubaki na chembechembe zake. Magadi, yale yale yanayolainisha maharage, ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu. Hayo hupandisha pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu hupungua) kupita 8.5, na zinki na chuma huwa vigumu kufikia mizizi. Huyeyusha pia mboji, ndiyo maana baadhi ya mashamba haya huonyesha utando mweusi badala ya mweupe.

Kibaya zaidi ni kinachoupata udongo wa mfinyanzi. Kalsiamu hushikanisha chembe zake. Sodiamu ina chaji moja tu na hujizungushia maji mengi, hivyo ikichukua nafasi ya kalsiamu chembe huachana na kuziba matundu yote. Udongo ukilowa unakuwa tope lisilopitisha maji. Ukikauka, jembe linagonga tu. Unapouosha kwa maji matupu, unaondoa chumvi iliyokuwa bado inazizuia chembe zisiachane, na sodiamu iliyonata kwenye mfinyanzi inabaki pale pale.

Pima hivi nyumbani. Weka bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kukoroga, uliache hadi kesho yake. Likivunjika na maji yakabaki na ukungu wa tope, shuku sodiamu. Kisha peleka sampuli maabara ya udongo, kama ile ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga, uombe pH, chumvi jumla na sodiamu iliyoshikwa na udongo. Sodiamu ikizidi asilimia 15 ya nafasi za udongo kushikia virutubisho, hilo ni shamba la magadi.

Dawa yake ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ambayo huchimbwa Makanya wilayani Same, si mbali na skimu za mpunga za Kilimanjaro. Kalsiamu yake huiondoa sodiamu kwenye mfinyanzi, nayo hugeuka salfeti ya sodiamu inayoyeyuka na kuondoka na maji. Tafadhali usiichanganye na chokaa. Chokaa hutibu udongo wenye asidi. Kwenye pH ya juu karibu haiyeyuki kabisa. Majivu nayo usiyamwage hapa, yanaongeza pH.

Kiasi cha jasi kitoke kwenye majibu ya maabara. Kwa sentimita 15 za juu, kupunguza sodiamu kwa sentimoli moja (kipimo utakachokikuta kwenye majibu ya maabara) kwa kila kilo ya udongo kunahitaji takriban tani 0.7 za jasi safi kwa ekari. Ni gharama, najua, kwa hiyo anza na jaruba moja lililoathirika zaidi. Isage laini, isambaze, ilime iingie ndani, ndipo ujaze maji na kuyaacha yashuke.

Yashuke yaende wapi? Hapo wengi hukwama. Bila mtaro wa kutolea maji, sodiamu hupanda tena na jua la kiangazi, na jasi yote imepotea. Chimba mtaro kabla ya kununua mfuko wa kwanza.

Msimu huo weka samadi iliyooza vizuri, kwa sababu ikioza zaidi hutoa kaboni dayoksaidi inayosaidia kuyeyusha chokaa iliyomo tayari udongoni, nayo ikatoa kalsiamu. Kwa mbolea ya kukuzia tumia SA (salfeti ya amonia) badala ya urea, ambayo kwenye pH hiyo hupoteza naitrojeni nyingi hewani. Baada ya mavuno pima tena, na pima maji ya mfereji pia: yakiwa na bikaboneti nyingi, yatakuwa yanaleta magadi mapya kila unapomwagilia, na jasi itabidi irudiwe.