Maji hayapandi ghorofani Malindi, nawe uko Doha: uanzie wapi

Ujumbe huja mfupi: "Mwanangu, maji juu hayapandi. Fundi asema twataka pampu." Ukiwa Doha, Birmingham au Minneapolis huwezi kushika bomba wala kuchungulia tangi, basi jambo jepesi ni kutuma pesa. Nakuomba usitume bado. Pampu ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, na maji hulegea kwa sababu nyingi, nyingine zikiondoka kwa siki ya shilingi chache.

Anza kwa kuweka kando jinsi maji yanavyokufikia huko uliko. Katika majengo mengi ya miji kama Birmingham au Minneapolis maji hutoka bomba la mji yakiwa na presha yake, yakaenda moja kwa moja hadi bafuni. Malindi maji ya kampuni ya maji, ambayo chimbuko lake ni visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, mara nyingi huja kwa zamu. Yanajaza tangi, kisha nyumba inatumia ya tangini. Kwa hiyo kuna safari mbili, ya kutoka mita ya maji hadi tangi na ya kutoka tangi hadi mfereji, na kila moja ina matatizo yake. Mwambie kijana aliye nyumbani apande, afunue mfuniko, akupigie video ya ndani. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua yote yanayofuata.

Tangi likiwa tupu au nusu, waachane na mifereji ya ndani. Waulize majirani kwanza. Kama mtaa mzima unalia, hakuna fundi wa kukusaidia. Ni kusubiri zamu na kuongeza akiba. Kama jirani anapata na nyinyi hampati, waangalie koki iliyo kwenye mita kama imefunguliwa yote, kisha boya la tangi, lile linalofunga maji tangi likijaa, maana boya likigandwa na chokaa hukwama juu na kuzuia maji yasiingie. Halafu wafunge mifereji yote na koki ya kuingilia tangini wakati maji ya zamu yapo, waitazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja ardhini, na hilo mnalilipia kila mwezi.

Fundi akipendekeza pampu ya kunyonya maji kutoka bomba la kampuni, kataa. Bomba la mtaani lenye ufa, likinyonywa wakati presha iko chini, huvuta maji machafu ya mchangani na kuyaleta kwenu na kwa jirani. Njia salama ni tangi la chini linalojaa lenyewe, kisha pampu ipandishe kutoka hapo.

Tangi likiwa limejaa na maji bado ni ya kudondoka, hapo ndipo penye mambo. Presha ya maji ya tangi hutokana na kimo peke yake: kila mita 10 za kwenda juu hutoa takriban baa 1, yaani kipimo cha presha. Tangi lililo mita 2 juu ya shawa linatoa baa 0.2 tu, hata likiwa la lita 5,000. La lita 500 mahali hapohapo lingetoa presha ileile. Nasisitiza hili kwa sababu watu wetu wengi hununua tangi kubwa wakitarajia nguvu, wakapata akiba.

Na kuna kosa ambalo sisi tulio mbali tunalisababisha kwa nia njema. Tunajenga nyumba ya chini, tunaweka tangi juu ya mnara kando kwa kuwa paa la makuti halibebi kitu, kisha baada ya miaka tunaongeza ghorofa. Mnara unabaki na kimo chake cha zamani. Bafu jipya sasa liko karibu sawa na tangi, na hita ya shawa haiwaki kwa kuwa maji hayaisukumi. Kabla ya kumlaumu fundi, uliza: sehemu ya chini ya tangi iko mita ngapi juu ya shawa ile?

Kimo kikiwa kizuri, wapime kwa mtungi wa lita 20. Wafungue mfereji mmoja hadi mwisho, wahesabu dakika kwa simu. Dakika 2 ni vizuri. Zikipita 5, kuna kizuizi. Wapime wa chini na wa juu, kisha wafungue miwili pamoja. Mmoja peke yake ukiwa mzuri na miwili ikidhoofishana, bomba kuu ni jembamba; mara nyingi utakuta la nusu inchi linalisha nyumba nzima, ilhali la robo tatu hupitisha zaidi ya mara mbili.

Mfereji mmoja tu ukiwa mbaya, wafungue mdomo wake, watoe kichungi, wakiloweke kwenye siki usiku kucha. Ardhi yetu ni ya matumbawe na maji ya kisima yana chokaa tele. Maji yakipotea ghafla baada ya tangi kukauka, shuku hewa iliyonaswa bombani: waunganishe mpira kutoka mfereji wenye presha ya kampuni hadi ule uliokufa, wafungue yote miwili, hewa irudi tangini. Nyumba ikilegea polepole kwa miaka, na mabomba ni ya chuma, kutu imeyaziba ndani; hayo ni ya kubadilishwa.

Kwa wenye nyumba za kale Lamu, neno moja: lita 1,000 ni tani nzima. Dari ya boriti za mikoko haikujengwa kwa mzigo huo, kwa hiyo msipandishe tangi kwa kutafuta presha.

Ikiwa kweli kimo ndicho shida na mnara hauwezi kuinuliwa, basi nunua pampu ndogo inayojiwasha mfereji ukifunguliwa. Lipia dukani moja kwa moja kwa simu, na fundi apewe ufundi wake kando. Ifungwe baada ya tangi, iwe na kifaa cha kuizima maji yakiisha, la sivyo itaungua siku ya kwanza zamu ikikosekana. Na fundi aache bomba la kuizunguka pampu, lenye valvu isiyorudisha maji, ili umeme ukikatika mama wa chini aendelee kupata maji ya mteremko.