Tumieni C1 na C2 kwenye harusi

Nyie mnaopiga picha za harusi na kamera za Canon kama 80D au 6D Mark II, zile C1 na C2 kwenye kigurudumu cha modi kule juu hazijawekwa urembo jamani, ni za kuhifadhi setingi zako. Panga setingi zako za ndani ya kanisa, mi naweka M (yaani napanga kila kitu mwenyewe), shata 1/125, uwazi wa lenzi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, halafu ingia menyu tafuta Custom shooting mode, bonyeza Register settings, chagua C1, imekaa hiyo. C2 weka ya nje juani. Maharusi wakitoka mlangoni unazungusha tu kwenda C2, sio uko bize na ISO huku bibi harusi keshapanda gari. Ila kwenye menyu hiyo hiyo, Auto update set iache Disable, maana ukiiwasha kila unachobadilisha ukiwa kwenye C1 au C2 kinajisevu juu ya setingi zako za mwanzo.