Besidei ya mtoto mdogo nyumbani Dar kwa bajeti ndogo, hatua kwa hatua

Juzi nimemsaidia mdogo wangu wa Tabata kuandaa besidei ya mwanawe aliyetimiza miaka minne, na tangu hapo mashosti zake wananiuliza tulifanyaje bila kumchangisha mtu. Naandika hapa yote. Ni kwa sherehe ya nyumbani, uani au barazani, watoto kumi na tano hivi wa miaka miwili hadi sita.

Hatua ya 1: Chagua saa kwanza

Saa unayoiandika kwenye mwaliko ndiyo inayopanga bajeti. Ukiandika saa saba mchana, umeahidi pilau, na pilau haiji peke yake: inataka nyama, kachumbari, mpishi na sufuria za kuazima. Ukiandika "kuanzia saa kumi" bila kutaja mwisho, wakubwa watafika magharibi wakitegemea chakula cha usiku. Mimi huandika saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Watu wameshakula kwao, wadogo wameshaamka usingizini, jua limepunguza makali, na kila mtoto anafika nyumbani kabla ya giza.

Ujumbe wa WhatsApp uwe mfupi: "Karibuni tumkatie mwanetu keki, Jumamosi saa 9:00 alasiri hadi 11:30 jioni. Kutakuwa na keki, juisi na vitafunwa. Kila mtoto aje na mzazi mmoja." Neno vitafunwa usiliache. Likiwepo, hakuna atakayekuja hajala.

Kama tarehe imeangukia masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, panga sherehe ienee barazani au sebuleni, la sivyo isogeze Jumamosi nyingine. Mtoto wa miaka minne hana habari na kalenda.

Hatua ya 2: Hesabu watoto

Andika majina, kisha ongeza theluthi moja. Watoto wa jirani hawaalikwi, wanakuja wenyewe wakisikia muziki, na mimi siwezi kuona mtoto amesimama getini anachungulia keki. Punguza mapambo, lakini mtoto yeyote asirudishwe.

Hatua ya 3: Keki, ukioka kwenye mkaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Keki ya kuagiza ni nzuri, lakini ukioka mwenyewe gharama hushuka sana, na oveni si lazima.

Vipimo: unga wa ngano gramu 500, majarini gramu 250, sukari gramu 300, mayai sita, vijiko vidogo vinne vya beking pauda, maziwa kama robo lita, na maganda ya ndimu moja yaliyokwaruzwa. Piga majarini na sukari kwa mwiko mpaka vibadilike kuwa vyeupe na laini. Kwa mkono ni kama dakika kumi, na usizikate, maana hewa unayoingiza hapo ndiyo itakayoinua keki. Mayai yasiwe yametoka kwenye friji. Weka moja moja, na ukiona mchanganyiko umeanza kukatika, tia kijiko cha unga uendelee. Unga na beking pauda vichekeche pamoja, uvitie kwa zamu na maziwa, ukikoroga polepole. Ukishatia unga usipige tena kwa nguvu, keki itakuwa ngumu.

Gawa kwenye sufuria mbili ndogo zilizopakwa mafuta na kutandikwa karatasi. Usioke yote kwenye sufuria moja ya kina kirefu, kwa sababu kwenye mkaa pembeni huungua wakati katikati bado ni uji.

Sasa moto. Chukua sufuria kubwa nzito, kuukuu, usiyoionea huruma. Tandika mchanga safi uliochekechwa na kukauka kabisa, unene wa vidole viwili, funika, iache ipate moto kama robo saa. Tumbukiza sufuria ya keki, kisha funika na mfuniko bapa wa kupanga mkaa juu. Kanuni ni hii: mkaa wa juu uwe mara mbili ya wa chini. Watu wengi hufanya kinyume, wakapata keki nyeusi chini na nyeupe juu. Mkaa wa chini uwe ule ulioshika vizuri, usio na miali, tena uufunike majivu kidogo. Usifunue kabla ya dakika 25, maana keki ambayo haijakamatana ikipigwa na hewa ya nje huzama katikati na hainyanyuki tena. Baada ya hapo choma njiti katikati. Ikitoka kavu, imeiva. Ukifunua, kung'uta majivu ya mfunikoni kwanza, yasimwagikie keki.

Jiko la gesi pia linafaa kwa mchanga huohuo na moto mdogo kabisa. Huchukua muda zaidi na juu haibadiliki rangi, jambo ambalo aisingi italificha. La mkaa liwashe nje. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na haina harufu ya kukuonya.

Oka usiku wa kuamkia sherehe, ipoe kabisa kabla ya kupamba. Kuhusu krimu ya siagi, kwa Dar mimi siitaki. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi, na mchana wa Januari na Februari hapa unafika hapohapo. Changanya gramu 200 za sukari ya aisingi na vijiko vikubwa viwili vya maji ya ndimu, mimina juu, acha ikauke. Haichuruziki, na ukali wa ndimu unapunguza utamu.

Hatua ya 4: Vitafunwa na juisi

Sambusa, kachori, matikiti maji. Sambusa zifunge usiku kwa manda za kununua, kaanga mchana. Matikiti fuata Buguruni, Mabibo au Stereo Temeke asubuhi, si dukani. Karanga na bisi waachie wakubwa: wa chini ya miaka minne hupaliwa navyo kirahisi.

Soda sinunui. Juisi ya ukwaju au ubuyu inatosheleza watu wengi kwa pesa kidogo, ila maji yachemshwe na kupoa. Barafu ya kununua izunguke nje ya ndoo, isiingie ndani ya juisi.

Hatua ya 5: Mapambo

Kanga mbili za rangi kali ukutani, maputo ishirini kutoka Kariakoo, basi. Puto likipasuka okota vipande papo hapo, watoto huvitia mdomoni. Meza kuu na emsii viache kwenye harusi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Asubuhi pita kwa majirani uwaambie kutakuwa na muziki hadi jioni. Kukiwa na msiba mtaani, muziki hakuna, au ahirisha. Spika ndogo ichajiwe mapema, umeme ukikatika iendelee.

Michezo kwanza: mbio za ndimu kwenye kijiko, kugombea viti muziki ukizimwa, rede kwa wakubwa kidogo. Keki ikatwe saa kumi na robo, wadogo wakiwa bado hawajachoka. Kwenye kulishana, aanze bibi na babu kama wapo, kisha wazazi, kisha watoto wote wapate vipande vyao kabla ya picha.

Saa kumi na moja na robo simama mlangoni na kapu la zawadi. Funga kashata na pipi kwenye bahasha za kaki, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Mtoto akishapewa bahasha yake, mzazi huanza kutafuta viatu mwenyewe.